Faini hazimalizi lutuku: tuanze na chakula na pipa

Ndugu wasikilizaji wa Wamaza, na ninyi familia mliokimbia vijiji vyenu mkapokelewa huku kwetu Kasongo na Kabambare, kila tunapogusa habari ya lutuku, simu hazikauki. Baba mmoja anasema: lutuku inamaliza vijana, mapipa yote yachomwe. Mama mmoja anajibu: mkichoma pipa langu, watoto wangu watakula nini leo jioni? Wote wawili wanasema kweli. Maoni yangu ni kwamba kukamata na kutoza faini hakutusaidii, lakini kunyamaza nako kunatuua.

Tuelewe kwanza kazi yenyewe. Malafu ya ngazi ni kazi ya wanaume: yataka mti, na mti una mwenyewe. Mama aliyefika juzi na mtoto mgongoni hana mti wala shamba. Lutuku haidai hayo. Anatafuta mihogo na mahindi. Mahindi anayaloweka mpaka yaote, anayaanika, anayatwanga. Hicho kimea ndicho kinachogeuza wanga wa mihogo kuwa sukari, na sukari inachacha kwa siku kadhaa. Kisha anapika ndani ya pipa, mvuke unapita kwenye bomba lililopozwa na maji, lutuku inadondoka. Chupa ya lutuku haiozi kama malafu, na inabebeka kwa pikipiki hadi kwenye machimbo ya dhahabu, ambako mnunuzi hakosekani. Ndiyo sababu biashara hii haifi.

Katazo nalo si jipya. Mwaka 1890, katika mkataba wa Brussels, mataifa ya Ulaya yaliwekea pombe kali mipaka katika sehemu kubwa ya Afrika, Kongo ikiwemo. Mwaka 1919, kule Saint-Germain, yakakubaliana kukataza kabisa kuitengeneza. Wazee wetu waliitengenezea porini usiku, na sisi bado tunaitengeneza. Zaidi ya miaka 100 ya katazo imezaa nini? Imezaa faini. Mwenye kofia anapita, anachukua pesa au bidoni, anaondoka. Kesho yake mama anapika mara mbili ili arudishe alichopoteza. Faini ya namna hiyo ni kodi tu, na anayeilipa ni maskini kuliko wote.

Lakini nisieleweke kwamba ninaitetea lutuku. Kuna mambo matatu ambayo hatuna haki ya kuyafumbia macho.

La kwanza ni chakula. Wakati wa njaa, kabla mahindi mapya hayajakomaa, kila debe linaloingia kwenye pipa limetoka kwenye sahani ya mtu. Familia iliyopokea wageni inagawa sahani moja kwa nyumba mbili. Unga ukipanda bei sokoni, nyumba zote mbili zinalala njaa. Mbaya zaidi ni mbegu. Mbegu iliyotolewa ipandwe, ikigeuzwa kimea, imekula mavuno ya mwaka mzima.

La pili ni sumu. Wengi wanadhani hatari ni ukali peke yake. Pipa lililowahi kubeba mafuta ya gari au dawa za kiwandani halisafishwi kwa maji na mchanga. Bomba lililounganishwa kwa risasi linaacha risasi ndani ya kinywaji. Na mfanyabiashara anayeongeza alkoholi ya kiwandani isiyonywewa ili bidoni ijae, huyo anauza upofu na kifo. Kenya iliruhusu chang'aa kwa sheria ya mwaka 2010, kwa masharti ya kuikagua. Hata hivyo, Februari 2024, kule Kirinyaga, watu walikufa kwa pombe yenye sumu. Sheria nzuri bila mkaguzi mwaminifu haimlindi mnywaji.

La tatu ni nyumbani. Pesa anazopata mama mmoja kwa kuuza, mama mwingine anazilipa kwa kipigo usiku, mume akirudi amelewa. Na mtoto anayetumwa kuchunga moto wa pipa huanza kwa kuonja.

Basi tufanye nini? Machifu, viongozi wa misikiti na makanisa, na kamati za wakimbizi wa ndani wakae pamoja na akina mama wanaopika, si kuwahukumu, bali kupatana masharti yatakayosikika kila kijiji. Miezi ya njaa, mahindi na mbegu zisiingie kwenye pipa. Mapipa ya mafuta na ya dawa yasitumike, na atakayekutwa anachanganya alkoholi ya kiwandani apelekwe mbele ya sheria bila kusamehewa. Mtoto asiuziwe, asitumwe kununua, asichunge moto. Anayevunja patano aitwe mbele ya baraza, watu wakiona. Pesa ya njiani isiyo na karatasi ikomeshwe.

Kwa mashirika ya msaada ninasema hivi: mbegu ikifika baada ya mvua kuanza, au bila shamba la kuipandia, msishangae ikienda kwenye pipa. Na wenye mashamba, mumkopeshe mgeni kipande kwa msimu mmoja au miwili, mkiandikiana mbele ya chifu ili pasiwe ugomvi baadaye. Kikundi cha akina mama wanaowekeana akiba kinaweza kumsaidia mmoja wao aanze kukamua mawese au kuuza samaki wakavu. Pipa analiacha mtu mwenye kitu kingine cha kushika.

Mama wa lutuku si adui wa kijiji. Ni jirani anayetafuta chumvi na sabuni kwa njia iliyobaki. Tukimfungulia njia nyingine, tutakuwa na haki ya kumwambia azime moto.