Akiba ya Udongo Wetu wa Milimani

Mkulima wa Kinangop, wa Timau, na wa miteremko mingine ya milima yetu, tazama udongo wa msituni, kisha tazama ule wa shamba lililolimwa viazi miaka mingi. Wa kwanza ni mweusi, nao hushika maji. Wa pili umepauka. Weusi ule ni mabaki ya majani na mizizi iliyooza, na ndani yake imo kaboni ambayo mimea iliivuta kutoka hewani.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba hii huoza. Kwa sababu ya baridi ya milimani, vijidudu vya udongoni hufanya kazi polepole, ndiyo maana imeweza kukusanyika kwa mamia ya miaka. Lakini tangu mwaka 1960 joto la Kenya limezidi kwa kadiri ya digrii 1, na barafu ya Mlima Kenya imepungua sana. Joto likizidi, vijidudu huila akiba upesi, na kaboni hurudi hewani kuongeza joto lile lile.

Wengine watasema: "Moshi mwingi hutoka katika viwanda vya nchi za mbali. Mimi na ekari zangu mbili nimekosa nini?" Hukukosa neno. Lakini udongo ni wako, na hasara ni yako. Weusi ukiisha, mvua haitanywewa na shamba, bali italichukua shamba mpaka mtoni. Nawe utanunua mbolea kila msimu, uitie katika udongo usioweza kuishika.

Joto la dunia huwezi kulizuia peke yako. Jembe na kiberiti vimo mkononi mwako, navyo huweza kuimaliza akiba haraka kuliko joto. Mwezi wa Machi 2012 moto uliteketeza eneo kubwa katika Mlima Kenya, tusiongeze mwingine.

Basi usichome mabua wala magugu, yafanye mboji. Lima kwa kukata mteremko, wala usilime kuufuata. Chimba makinga maji, na kingoni panda matete ya ng'ombe. Tia samadi. Ukisha kuvuna viazi usiache shamba uchi: panda shayiri au njegere. Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kwenu atakuonyesha namna ya kupima matuta. Mwite kabla ya mvua kuanza.