Mgeni na Jina la Mwenyeji

Siku hizi wachezaji wa mataifa mbalimbali hualikwa wakae pamoja wiki chache, wafundishane ngoma zao, kisha watunge mchezo mmoja. Mipango hiyo huitwa ukaazi wa sanaa, na twaambiwa kwamba humo tamaduni hubadilishana. Neno hilo la kubadilishana silikubali mpaka nione mizani yake.

Mwaka 2020, katika École des Sables, chuo cha Germaine Acogny huko Toubab Dialaw, Senegal, wachezaji wa nchi 14 za Afrika walifundishwa mchezo ambao Pina Bausch, Mjerumani, aliutunga mwaka 1975 kwa muziki wa Stravinsky. Bausch alikwisha fariki tangu 2009, lakini kazi yake haikuja yatima. Ilikuja na jina lake, na walimu waliopata kucheza katika kundi lake. Vema sana! Sina ugomvi na heshima hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba ngoma zetu ziendapo Ulaya aghalabu hazipewi hata nusu yake. Huitwa za jadi, na jadi, kwa hukumu ya wenye mipango, haina mwenyewe. Basi mtunzi huwa yule aliyezichanganya.

Hukumu hiyo na ipelekwe Buhaya ikapimwe. Tuseme mgeni wa mpango kama huo afika kesho Ngenge, wilayani Muleba, akitaka kufundishwa omutoro, ngoma ya baraza ya Mukama. Atachukua miguu na mikono, maana hiyo huonekana kwa macho. Lakini katika baraza hizo, kabla ya utawala wa machifu kufutwa mwaka 1963, shujaa alisimama mbele ya Mukama, mkuki mkononi, akajigamba kwa maneno aliyoyatunga juu ya nafsi yake. Majigambo hayo ndiyo ebyebugo. Ni utungo gani ulio na mwenyewe kuliko huo? Abebaye hatua akaacha maneno amebeba ganda, ndizi ameiacha mgombani.

Najua nitakumbushwa beni: wazee wetu wa pwani waliiga gwaride na tarumbeta za Mzungu bila ya kumwomba ruhusa. Kweli. Lakini Marini na Arinoti hawakuficha walikotoa. Vyeo vyao vyenyewe vilitangaza. Wala hawakumwendea Mzungu kumwambia kwamba gwaride lake halina mwenyewe.

Kwa hiyo vyuo vyetu, na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo pamoja navyo, visitie sahihi mkataba wowote wa namna hii usioandika jina la mwalimu wa kijijini mahali pa mtunzi, na malipo yake sawasawa na ya mgeni. Tena mgeni apewe miezi, si wiki, ajifunze Kihaya kwanza. Wiki tatu hazimtoshi hata kuzijua salamu, ambazo huko hufuata umri wa anayesalimiwa.