Nyenje Asilale na Buibui



Wazazi wetu wapenzi, baadhi ya ndugu zetu walioko Uingereza na kwingineko Ulaya wametuuliza juu ya mnyama ambaye watoto wao wanataka kumfuga chumbani: tarantula, yaani yule buibui mkubwa mwenye manyoya. (Tunasema buibui mdudu, si lile vazi la mama zetu.) Wapo watakaocheka, lakini huyu si mgeni kwetu. Mmoja wa wanaopendwa sana na wafugaji wa huko, yule wa rangi ya chungwa aitwaye kitaalamu Pterinochilus murinus, anapatikana Kenya na Tanzania, na aina yake moja huitwa kwa jina la milima ya Usambara.

Swali lenyewe ni chakula chake, kwa sababu hulishwa wadudu walio hai: nyenje, mende wa kufugwa, viwavi. Mama mmoja anaona huo ni ukatili kwa mdudu, na baba mwingine hofu yake yote ni mtoto kuumwa. Kwa maoni yetu, kumpa buibui nyenje si ukatili, maana ndiyo riziki yake aliyoumbiwa. Ukatili unaingia pale watoto wanapowaita rafiki zao waje kutazama "mapigano", wakamtupia wadudu watano mfululizo hali ameshiba. Hapo si kulisha tena, ni kuchezea roho mbili kwa pamoja.

Tena watu wengi hawajui kwamba ndani ya lile sanduku la kioo anayeweza kuuawa ni buibui. Tarantula hukua kwa kujivua gamba. Siku au wiki kadhaa kabla ya hapo hukataa chakula, kisha hulala chali, miguu juu, na mtoto akimwona hivyo hudhani amekufa na kuanza kumdokoadokoa kwa kijiti. Asiguswe! Gamba likishatoka, mwili mpya ni laini, na hata meno yake huwa meupe na hayana nguvu. Sasa fikirini nyenje aliyesahauliwa humo tangu juzi, naye ana njaa. Nyenje hula karibu kila kitu, na atamtafuna buibui akiwa hai, naye hawezi kujitetea. Kwa hiyo mdudu ambaye hajaliwa atolewe siku hiyo hiyo, na akionekana buibui amelala chali atolewe mara moja. Baada ya kujivua, chakula kingoje mpaka meno yageuke kutoka meupe kuwa mekundu na hatimaye meusi kabisa. Kwa aliyekomaa hiyo ni wiki moja au mbili, pengine zaidi.

Kiasi nacho kina mipaka. Mdudu asizidi ukubwa wa tumbo la buibui. Aliyekomaa hutosheka na nyenje mmoja au wawili kwa wiki moja au mbili, na wengine, hasa yule wa Chile, hufunga miezi kadhaa bila kudhurika mradi ana maji katika kisahani. Mzazi asimwonee huruma ya kumjazia tu. Tumbo likivimba kupita kiasi, akianguka kutoka juu ya kioo linaweza kupasuka, na hapo amekwisha.

Wadudu wa bustanini wasichukuliwe, kwani huenda wamepuliziwa dawa. Wanunuliwe wa kufugwa, nao walishwe karoti au majani kwanza, maana mdudu mwenye njaa hana faida kwa anayemla.

Mnaijua habari ya yule mwanamke na paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Tarantula jike wa aina nyingine huishi miaka 20 na zaidi. Mtoto wa miaka 10 aliyemlilia dukani atakuwa ameshahama nyumbani, na nyenje atabaki kumnunua nani? Sisi tunasema aliyetoa pesa ndiye mwenye dhima, na huyo ni mzazi.

Ama hofu ya baba, nayo ina msingi. Tarantula wengi wa bara la Amerika hupukuta kwa miguu vinywele vya tumboni vinavyowasha, na vikiingia jichoni ni shida kubwa. Wa Afrika hawana vinywele hivyo, lakini ni wepesi wa kuuma, na yule wa rangi ya chungwa huuma kwa maumivu makali. Huyo hafai chumba cha mtoto. Chakula kitiwe kwa kibano kirefu, si kwa vidole. Uso usiinamishwe juu ya sanduku. Mikono ioshwe baadaye. Na mtoto mdogo asilifungue akiwa peke yake, hata kama ni kumtoa nyenje tu.