Fisi wa Nani?

Ukitaka kuona namna kesi ya ng'ombe aliyekufa usiku inavyohukumiwa Mandewa, hapa Singida, wahi kabla mzoga haujachunwa. Macho hayapo. Ulimi umeondoka wote, kiwele kimetoka kwa duara safi utadhani kuna aliyepitisha kisu, njia ya haja ni tundu tupu, na chini hakuna tone la damu. Jua halijapanda sana, hukumu imeshatoka: kuna mtu amechukua viungo vya kupeleka kwa mganga. Mwingine ataongeza habari za Freemason alizozisikia stendi. Ukimwambia mwenye ng'ombe kwamba hiyo ni kazi ya fisi, hakatai. Anakuuliza: fisi wa nani?

Swali hilo ndilo linalotumaliza. Kwetu Singida fisi hajawahi kuachiwa awe mnyama tu. Anafugwa, anapandwa usiku, ana mwenyewe. Kwa hiyo nyayo za fisi kando ya mzoga, ambazo popote pengine zingefunga mjadala, hapa ndizo zinazoufungua. Nyayo zikiwepo, mchawi alikuja na fisi wake. Zisipokuwepo, amezifuta. Imani ambayo kila ushahidi unaipa ushindi haichunguzi kitu. Inatafuta jirani wa kumsingizia.

Tuseme basi kinachotokea. Moyo ukisimama, damu inashuka upande ule mnyama aliolalia na kubaki humo, ndiyo maana kidonda cha upande wa juu kinakuwa kikavu. Wala mizoga nao hawaanzi na paja lenye ngozi ngumu. Wanaanza palipo laini: jicho, ulimi, midomo, kiwele, sehemu za siri. Kunguru anadonoa, mbweha au mbwa koko anang'ofoa, inzi wanataga mayai kwenye kingo na funza wanazisawazisha. Tumbo likijaa gesi, ngozi inavutika, na alama ya meno inanyooka mpaka inafanana na ya kisu.

Wamarekani, pamoja na vyuo vikuu vyao vyote, walikwama hapahapa. Mwaka 1967 farasi mmoja alikutwa Colorado kichwa na shingo vimebaki mifupa, watu wakasema ni vyombo vya angani. Miaka ya 1970 ikawa zamu ya ng'ombe, majimbo kadhaa. Polisi wa Washington County, Arkansas, walifanya jambo la maana mwaka 1979: waliweka mzoga wa ng'ombe shambani, wakaukalia macho. Inzi, funza na gesi vikamaliza kazi yote, na hakuna aliyeshuka kutoka mbinguni. Mwaka uliofuata Kenneth Rommel, ofisa mstaafu wa FBI aliyepewa fedha za umma kuchunguza visa vya New Mexico, akaandika yaleyale: ni wala mizoga.

Najua jibu la wazee wa hapa. Watasema Singida siyo Colorado, na kwamba sisi tuliwahi kuwa na watu simba. Ni kweli. Miaka ya 1946 na 1947 watu waliuawa katika nchi ya Wanyaturu, ikasemwa ni simba, kumbe ni binadamu. Walishtakiwa, wengine wakanyongwa. Lakini miaka hiyohiyo, kule Njombe, mambo yalikuwa kinyume. Wananchi walisema simba wanaowala wanatumwa na mchawi. Bwana nyama George Rushby aliwafuata simba hao na bunduki, akaua takriban 15, na vifo vikakoma. Huku alisingiziwa mnyama, kule alisingiziwa mtu. Huwezi kujua kwa kukaa kikao. Unajua kwa kukagua mwili na nyayo.

Tena kisu cha kweli kikipita, hakijifichi. Kenya iliruhusu machinjio ya punda kuanzia 2016, na haikuchukua muda wafugaji wakaanza kukuta punda wao vichakani wamechunwa ngozi nzima, nyama imeachwa. Hakuna aliyehitaji mganga kulielewa hilo. Ngozi zilikuwa zinakwenda China kuchemshwa dawa iitwayo ejiao, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakapiga marufuku biashara hiyo. Penye mkono wa mtu utakuta na soko.

Sasa hasara yenyewe. Ng'ombe aliyekufa ghafla, akavimba upesi, damu nyeusi isiyoganda ikamtoka puani, mdomoni na nyuma, anaonekana kijijini kama kielelezo kamili cha ulozi. Kwa bwana mifugo hiyo ni picha ya kimeta. Vimelea vyake vinakaa ardhini miaka mingi, na kinachovitawanya ni kule kuupasua mzoga. Sisi tunafanya nini? Tunabishana kuhusu mchawi huku tukigawana mafungu. Dini zilishatukataza kibudu, lakini ng'ombe wa laki nane hazikwi kirahisi. Mtu akifa ghafla tunampeleka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, hapohapo Mandewa, daktari aseme. Ng'ombe akifa ghafla tunampeleka buchani.

Na tunajisifu kwamba sisi ni watu wa ng'ombe! Tunamlipia mahari, tunamwita jina, tunajua ukoo wake mpaka kwa bibi. Ndigana kali inafagia ndama, mitoki imewavimba chini ya masikio, josho limekauka, na hakuna anayeitisha mkutano. Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa ilipita kanda hii ya kati na nchini ikaua zaidi ya watu 100. Ng'ombe walikuwa wametangulia kutoa taarifa kwa kutupa mimba. Tunamlilia ng'ombe kama mali, hatumchunguzi kama mgonjwa.

Kibaya zaidi, mashtaka haya huwa na anwani. Lambalamba, yule mganga anayefichua wachawi, akiitwa, haondoki na jina la mbweha. Anaondoka na jina la mjane asiye na mtoto wa kiume, bibi mwenye macho mekundu. Amepikia kuni mbichi na samadi ya ng'ombe miaka hamsini. Mlitaka macho yawe ya rangi gani?

Ukikuta mzoga, usiuchune, usiuburute. Ufunike, zuia mbwa na watoto, mpigie afisa mifugo wa kata. Kimeta hupimwa kwa damu kidogo tu ya sikioni, wala tumbo halihitaji kupasuliwa. Na nyinyi madiwani wa Manispaa ya Singida, afisa huyo mpeni pikipiki na mafuta ya kumfikisha zizini kabla ya lambalamba.