Kadi ya Chanjo na Kibuyu Chirizi

Wakati wa mazoezi ya kufundisha niliketi nyuma ya darasa moja hapa pwani ya Bagamoyo. Mwalimu-mwanafunzi aliandika ubaoni majina ya maradhi ya kuambukiza, nao watoto wakayanakili kwa hati safi. Kengele ilipolia walikwenda chooni, kisha wakala maembe bila kunawa, kwa kuwa maji hayakuwapo. Somo lile nililipa alama nzuri. Leo naona nilikosea.

Maoni yangu ni kwamba somo la afya lisiloishia katika tendo bado halijafundishwa. Yampasa mwalimu ajue kila ugonjwa hupita njia gani, kisha asaidie kuiziba njia hiyo.

Tuchukue pepopunda. Bakteria wake hukaa udongoni. Mtoto wa Kaole akikanyaga msumari panapotengenezwa mashua, chanjo ya jirani yake haimfai kitu, maana ugonjwa huu hauambukizwi na mtu kwa mtu. Sharti awe amechanjwa yeye mwenyewe. Na madhali kinga hufifia miaka ipitapo, aliyejeruhiwa apelekwe zahanati hata kama kadi yake imekamilika. Dondakoo na kifaduro huenea kwa kikohozi na chafya. Hapo wengi wakichanjwa, hatari humpungukia hata asiyechanjwa. Maradhi haya matatu hukingwa kwa chanjo za utotoni za wiki ya 6, 10 na 14. Kwa hiyo mtoto anapoandikishwa darasa la kwanza, omba kuiona kadi yake ya kliniki. Ukiona pengo, zungumza na mzazi kwa heshima, umwelekeze zahanati.

Kipindupindu kina njia nyingine. Kilipozuka Dar es Salaam mwaka 2015 na kuenea mikoani, kilipita katika maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Hapo ngao ya kila siku ni choo, maji yaliyochemshwa na sabuni.

Wapo wasemao kwamba hiyo ni kazi ya waganga. Lakini katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wanavijiji walisikiliza redio katika vikundi, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo kwa mikono yao.

Basi, ndugu mwalimu-mwanafunzi, andalio lako la somo la afya liwe na dumu, kamba, kijiti na sabuni, na watoto watengeneze kibuyu chirizi wenyewe. Nitakapokuja kukukagua, nitatazama kwanza mlango wa choo, ndipo nitazame ubao.