Uongo Unaokiri na Ukweli Usiothibitika: Riwaya ya Kisayansi, Vitabu vya Visahani Virukavyo na Msomaji wa Nyacheki

Utangulizi

Zipo kauli mbili ambazo zimezoeleka mno katika mijadala ya fasihi ya Kiswahili hata hakuna tena anayejisumbua kuzihoji. Ya kwanza inadai kwamba Kiswahili hakina riwaya ya kisayansi, kwa kuwa jamii zinazokizungumza hazina sayansi ya kubunia. Ya pili inadai kwamba riwaya ya kisayansi na vitabu vya watu wanaosimulia jinsi walivyokutana na viumbe wa sayari nyingine ni kitu kimoja: yote ni mambo ya ng'ambo, ya kuburudisha wasio na kazi. Makala haya yanazipinga zote mbili. Kauli ya kwanza ni kosa la historia ya fasihi, na hurekebishwa kwa kusoma. Ya pili ni kosa la uhakiki, nayo ni ya hatari zaidi. Mhakiki asiyeweza kumtenganishia msomaji bunilizi na ushuhuda humwacha bila silaha pale silaha hiyo inapohitajika kuliko popote.

Pahala penyewe si mbali. Nyacheki ni mji mdogo wa soko katika nyanda za juu za Bobasi, Kisii. Simulizi za Abagusii, ambazo mwanaanthropolojia Robert LeVine alizirekodi katika miaka ya 1950, husema kwamba wachawi hutembea usiku wakiwa uchi, wamebeba moto chunguni, na kwamba mwanga wake huonekana ukiwaka na kuzimika mlimani. Msomaji wa Marekani anayeona mwanga wa namna hiyo hununua kitabu kuhusu vyombo vya anga visivyotambulika. Msomaji wa Nyacheki anaweza kumtazama jirani yake mkongwe. Swali la kihakiki linalowakabili wote wawili ni moja: msimulizi anadai nini, na madai yake yanapimwaje?

Kosa la historia

Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951. Nchi ya riwaya hiyo iko angani, na mshtakiwa wake, Karama, anajitetea mahakamani kwa kusimulia safari za wajumbe waliotumwa pande sita, mbinguni na ardhini zikiwemo. Mwaka 1995 Katama Mkangi, mwanasosholojia ambaye serikali ya Kenya ilikuwa imemweka kizuizini katika miaka ya 1980, alichapisha Walenisi. Humo Dzombo anahukumiwa kufa, anatiwa katika chombo cha angani, naye badala ya kufa anajikuta kwenye sayari ambako jamii imejengwa juu ya usawa. Bina-Adamu! ya K. W. Wamitila ilifuata mwaka 2002 na safari yake ya ajabu katika kijiji cha utandawazi. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu aliiongoza filamu fupi yenye jina la Kiswahili, Pumzi, kuhusu Afrika Mashariki ya baadaye iliyokaukiwa na maji.

Jibu la wahakiki wengi linajulikana: hizo si kazi za kisayansi, ni istiari za kisiasa. Jibu hili linashangaza, kwa sababu likikubaliwa litaifuta riwaya ya kisayansi hata huko inakosemekana ilizaliwa. H. G. Wells alipochapisha The War of the Worlds mwaka 1898, aliwakumbusha Waingereza, katika kurasa za mwanzo kabisa, yale waliyowatendea wenyeji wa Tasmania. Wavamizi wake kutoka Mirihi ni wakoloni waliorudishwa nyumbani kwao wakiwa na silaha bora zaidi. Je, Wells naye aondolewe katika utanzu huo kwa kosa la kuwa na dhamira ya kisiasa? Darko Suvin, katika kitabu chake cha mwaka 1979, aliueleza utanzu huu kuwa ni fasihi ya ugenishaji unaozaa utambuzi: huuondoa ulimwengu wa kawaida mahali pake ili msomaji autazame upya kwa akili. Kwa kipimo hicho, sayari ya Mkangi haina haja ya kuomba ruhusa kwa yeyote. Hata jina lake, lisomwapo polepole, hutamka kwamba wale ni sisi.

Ama dai kwamba anga ni ya wageni, lina majibu yake pwani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina la Uhuru. Fedha na mitambo ilikuwa ya Marekani na Italia, na hilo lisifichwe. Lakini uhusiano huo kati ya bahari ya Mswahili na mtambo wa mgeni ni kiini cha riwaya ambayo bado haijaandikwa. Haufai kuwa sababu ya kutoiandika.

Uongo unaokiri

Mtambaji wa Kiswahili akishapaukwa na hadhira ikapakawa, kila aliyeketi hapo anajua mkataba uliotiwa saini. Zaidi ya hayo, katika mojawapo ya fomyula zake za mwanzo, mtambaji huualika uongo waziwazi, kwa jina lake, kabla ya kuuomba utamu. Huu ni ustaarabu mkubwa wa kifasihi. Uongo unaojitaja haumdanganyi mtu. Unampa msikilizaji uhuru wa kusadiki kwa muda, kisha kuamka na kwenda zake akiwa na maana mkononi. Riwaya ya kisayansi ni mrithi halali wa mkataba huo. Hakuna msomaji wa Walenisi aliyewahi kuombwa kuamini kwamba Dzombo alisafiri kweli.

Vitabu vya visahani hufanya kinyume. Huchukua mbinu zote za usimulizi, yaani taharuki, mbisho wa usiku na mhusika wa kawaida aliyepatwa na yasiyo ya kawaida, kisha huvunja mkataba kwa kudai kuwa ni kweli tupu. Mwaka 1987 Whitley Strieber, mtunzi aliyejulikana kwa riwaya za kutisha, alichapisha Communion kama kisa cha kweli kilichompata mwenyewe, nacho kikapanda hadi kilele cha orodha ya vitabu visivyo vya kubuni vilivyouzwa sana Marekani. Uwezekano kwamba Strieber aliamini aliyoyaandika haubadilishi hoja. Kilichobadilika ni rafu ya kitabu, wala si aina ya ushahidi uliomo.

Mhakiki wa fasihi ana neno la kusema hapa kuliko hata mwanafizikia. Tarehe 24 Juni 1947 rubani Kenneth Arnold aliripoti kuona vyombo tisa karibu na Mlima Rainier. Alieleza mwendo wao kwa kuufananisha na kisahani kinachorushwa juu ya maji kikawa kinadundadunda. Magazeti yakaichukua tashbihi ya mwendo na kuigeuza kuwa jina la umbo, na tangu hapo mashahidi wengi wakaona visahani. Tashbihi moja iliyosomwa vibaya ilizaa utanzu mzima. Betty na Barney Hill, waliosema walitekwa huko New Hampshire mwaka 1961, walitoa sehemu kubwa ya maelezo yao wakiwa wamelazwa usingizi wa kidaktari mwaka 1964, na kitabu kikafuata mwaka 1966. Erich von Däniken, kuanzia mwaka 1968, aliwauzia mamilioni ya wasomaji dhana kwamba majengo kama mapiramidi ya Misri yalihitaji msaada wa wageni kutoka angani. Msomaji wa Afrika asiyekereka na dhana hiyo hajasoma vizuri: ni ile hoja kongwe ya kikoloni, kwamba Mwafrika hakujenga, iliyovikwa kofia ya mwanaanga.

Daftari la Kisii

Huenda wengine wakaona hasira hii imezidi kipimo, maana kitabu cha visahani hakijamuua mtu Nairobi wala Dodoma. Basi na watazame Kisii. Mwezi Mei 2008 watu wasiopungua 11, wengi wao wazee, waliuawa na umati na nyumba zao kuteketezwa kwa tuhuma za uchawi. Iliripotiwa wakati huo kwamba wanakijiji walisema daftari lilikuwa limeokotwa katika shule ya msingi, likiwa na kumbukumbu za mkutano wa wachawi na majina ya watakaorogwa. Mwezi Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti hiyohiyo, wanawake wanne waliuawa kwa tuhuma za namna hiyo.

Daftari hilo ndilo linalopaswa kumkosesha mhakiki usingizi. Lilikuwa matini. Nani aliliandika? Kwa nia gani? Lilikuwa mchezo wa mtoto, kisasi cha mkubwa, au bunilizi? Ni maswali ya somo la kwanza la uhakiki, yale anayofundishwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuhusu mtunzi, msimulizi, utanzu na hadhira. Hayakuulizwa kabla ya moto kuwashwa. Umati ulisoma kama wasomavyo wapenzi wa vitabu vya visahani: maandishi yapo, yana undani, yanatisha, kwa hiyo ni kweli. Tofauti ni kwamba msomaji wa Strieber hupoteza bei ya kitabu, ilhali kule Kisii mtu mwingine alipoteza maisha.

Pingamizi na jibu lake

Kuna pingamizi la heshima. Husemwa kwamba ontolojia ya Kiafrika haitenganishi yaonekanayo na yasiyoonekana, na kwamba kudai ushahidi ni kuendeleza ubabe wa fikra za Magharibi. Pingamizi hili linawadharau wale linaodai kuwatetea. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilichapishwa mwaka 1960. Maiti inapokutwa mzimuni, Bwana Msa hatafuti pepo, anatafuta mtu, na hakuna aliyewahi kumshtaki kwa kuacha Uswahili wake.

Isitoshe, Abagusii wenyewe wanajua kukutana na mgeni kulivyo. Simulizi zao humtaja Sakawa, mwaguzi aliyetabiri kuja kwa Wazungu na majengo yatakayosimama Getembe, ulipo leo mji wa Kisii. Wazungu walikuja kweli. Vikosi vya Waingereza viliishambulia Gusii mwaka 1905, na tena mwaka 1908 baada ya Otenyo kumchoma mkuki ofisa wao, Northcote. Ujio huo uliacha makaburi, kodi, barabara na majalada. Kukutana kwa kweli huacha alama.

Mfano wa karibuni zaidi unatosha kufunga mjadala. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Kilikuwa kitu kisichotambulika kilichotoka angani, kwa maana kamili ya maneno hayo. Wanakijiji walitoa taarifa, Shirika la Anga za Juu la Kenya likaichukua, na katika tathmini yake ya awali likaeleza kuwa ni kipande cha roketi. Hakuna mzee aliyeuawa wala nabii aliyezuka. Kitu kilipimwa, na swali likahama kutoka kwa mapepo hadi kwa wenye roketi: nani anawajibika kwa taka zinazowaangukia wakulima wa Ukambani? Hilo nalo ni swali la riwaya.

Hitimisho

Idara za Kiswahili ziache basi kuiona riwaya ya kisayansi kuwa anasa ya kigeni. Kusadikika na Walenisi zisomeshwe katika silabasi moja na Wells, kama ndugu. Pembeni yake viwekwe vitabu vya visahani, si kwa kuvidhihaki, bali visomwe kwa maswali yaleyale, ili mwanafunzi ajue ni wapi msimulizi anakiri uongo wake na ni wapi anaudai ukweli asioulipia. Mwanafunzi huyo atarudi nyumbani siku moja, pengine Nyacheki, akiwa mwalimu. Akiletewa daftari lililookotwa njiani, awe na swali la kuuliza kabla ya mtu yeyote kutafuta kiberiti.