Nyara za Katanga si pembe peke yake

LUBUMBASHI – Tarehe 25 Januari 2024 wabunge wa Ubelgiji walipiga kura kukataza watu wao wasiingize tena nchini nyara za wanyama wanaolindwa: kichwa cha simba, pembe ya tembo, pembe ya faru. Hakuna mbunge aliyepinga. Watetezi wa wanyama walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Tajiri anayepanda ndege kuja Afrika kuua simba ili atundike kichwa chake ukutani kwake hana cha kumfundisha mtu wa huku juu ya pori.

Lakini katika Kiswahili neno nyara halikuanzia kwa wawindaji. Nyara ni kile kinachochukuliwa vitani: mali, mifugo, watu. Mtu akikamatwa njiani na wenye silaha, husemwa ametekwa nyara. Familia zilizokimbia Mitwaba, Pweto na Manono wakati wa Mai-Mai Bakata Katanga zinalijua neno hilo bila kufundishwa na mtu. Basi Ubelgiji inapotunga sheria ya nyara, mkaaji wa Katanga anaweza kuuliza: nyara zipi? Kwa sababu ziko nyingine zilizotoka huku, na hazina manyoya.

Mwezi wa Desemba 1884, katika milima ya Marungu, magharibi ya Ziwa Tanganyika, kijiji cha chifu Lusinga kilivamiwa. Waliotumwa kuvamia walikuwa watu wa luteni Émile Storms, Mbelgiji aliyekuwa amejenga kituo cha Mpala kwa niaba ya shirika la Mfalme Leopold II. Watu kadhaa makumi waliuawa, wengine wengi walichukuliwa mateka, kijiji kilichomwa moto. Lusinga alikatwa kichwa, nacho kikapelekwa kwa Storms. Mwaka uliofuata Storms alirudi kwao, na fuvu la Lusinga lilikuwa katika mizigo yake, pamoja na mafuvu ya watu wengine wawili. Sanamu ya mababu wa Lusinga nayo ilichukuliwa. Daktari mmoja wa Brussels alilipima fuvu hilo na kuandika juu yake mwaka 1886, kama mtu anayepima kichwa cha nyati. Baadaye lilifika katika makumbusho ya Tervuren, na mwaka 1964, wakati Kongo ilikuwa tayari nchi huru, likahamishiwa Taasisi ya Sayansi Asilia ya Brussels. Yaani mahali wanapowekwa ndege na mijusi.

Kuna watakaosema Lusinga hakuwa malaika, kwamba alifanya biashara ya watumwa na ya pembe. Ni kweli, alifanya. Machifu wengi wa wakati ule walifanya, na wafanyabiashara wa pwani walifanya, na mfalme aliyemtuma Storms alikuja kufanya makubwa zaidi ya hayo. Kosa la marehemu halimpi mtu ruhusa ya kuweka kichwa chake kabatini. Hata mwizi aliyepigwa hadi kufa sokoni, polisi wanapaswa kuwapa ndugu zake maiti.

Tena mambo hayo hayakuishia kwa Leopold. Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walipigwa risasi usiku wa 17 Januari 1961, si mbali na hapa, kule Shilatembo. Afisa wa polisi Mbelgiji, Gérard Soete, ndiye aliyepewa kazi ya kuikata miili na kuiyeyusha katika asidi. Alijiwekea meno. Miaka karibu arobaini baadaye, akiwa mzee, alisimulia mbele ya kamera, na akayalinganisha meno hayo na nyara ya mwindaji. Hakusingiziwa na adui. Ni yeye mwenyewe aliyechagua neno hilo.

Jino moja lilikamatwa na polisi wa Ubelgiji mwaka 2016 katika nyumba ya binti yake, na tarehe 20 Juni 2022 familia ya Lumumba ilikabidhiwa mjini Brussels. Jeneza lilitembezwa nchini, likapita Shilatembo, na tarehe 30 Juni likazikwa Kinshasa. Wengi wa Lubumbashi waliliona likipita. Familia ya Mpolo haikupata kitu. Familia ya Okito haikupata kitu.

Angalia sasa tarehe. Tarehe 3 Julai 2022, siku tatu tu baada ya mazishi yale, Ubelgiji ilitia sahihi sheria ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni. Sheria hiyo inasema juu ya masanamu, masiki na vyombo. Mabaki ya watu iliyaacha nje. Mwezi mmoja kabla, Mfalme Philippe alikuwa Kongo. Huko Kinshasa alieleza majuto yake na kuleta masiki ya Kakuungu, si kwa kuirudisha bali kwa kuiazima, eti kwa muda usio na mwisho. Kisha akaja Lubumbashi, akahutubia chuo kikuu chetu cha UNILU. Mtu wa ukoo wa Lusinga anayeishi katika mji huuhuu alikuwa ameshamwandikia barua tangu 2018, akiomba fuvu la babu yake.

Kwa hiyo kwa simba, bunge zima lilinyanyua mkono. Kwa Lusinga, kuna kamati, ripoti, wataalamu na swali la nani hasa ana haki ya kudai. Swali hilo la mwisho ndilo la aibu kuliko yote. Storms hakuuliza nani ana haki alipokuwa anachukua.

Wapo pia, hapahapa mjini, wanaosema watu wana njaa, wahami wa vita wanalala chini ya maturubai, nani ana nafasi ya kulilia mfupa wa miaka mia moja na arobaini? Waende wawaulize wahami wenyewe. Mama aliyekimbia na watoto wawili, akamwacha mzee wake ndani ya nyumba inayowaka, atazungumza juu ya unga, ndiyo, na juu ya dawa. Akimaliza hayo atazungumza juu ya kaburi ambalo hakulichimba. Miaka inapita, na kila kukiwa na matanga kwa jirani, jambo hilo linarudi. Hakuna mtu Katanga anayehitaji kuelezwa kwa nini maiti hurudishwa nyumbani.

Hayo yasiwe kisingizio cha wakubwa wa huku. Mwezi wa Mei 2022, humuhumu Lubumbashi, zilikamatwa pembe za tembo za uzito wa zaidi ya tani moja. Tani moja haiingii mjini ndani ya kikapu cha mama wa sokoni. Ilipita barabara zenye vizuizi, na kila kizuizi kina mtu anayelipwa kukagua. Tarehe 9 Septemba mwaka huohuo watoto watatu wa sokwe waliibwa katika kituo cha JACK, wezi wakadai fedha. Mbuga ya Upemba, iliyoundwa mwaka 1939 na iliyokuwa na tembo kwa maelfu, leo imebaki na kundi dogo. Lakini anayeonekana akipelekwa mahakamani mara nyingi ni kijana aliyekutwa na nyama ya swala. Serikali ya jimbo ikitaka kuidai Ubelgiji kwa sauti ya kusikika, ianze kwa kutaja hadharani wenye mzigo ule wa Mei, na si madereva wao peke yao.

Na Brussels isitumie uchafu huo kama sababu ya kuchelewa. Sheria ya Julai 2022 inaweza kuongezwa kifungu. Bunge lililokubaliana lote juu ya pembe ya faru halikosi wino. Ukoo wa Lusinga unajulikana ulipo, milima ya Marungu haijahama, na ndege kutoka Brussels hadi Kongo zipo kila juma. Ile barua ya 2018 haikuomba pesa. Iliomba kichwa, ili kizikwe.